Pamba ya Usukuma: dawa ndani ya mbegu, dawa ndani ya chupa

Mwezi Julai mwaka 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, watu waling'oa miche michache ya pamba katika shamba la serikali. Kitendo hicho kidogo kilikuwa tangazo la vita, na vita hivyo ndivyo vilivyokuja kuitwa Maji Maji.

Miongo michache baadaye, katika pembe nyingine ya nchi hiyo hiyo, kung'oa pamba kukawa amri ya serikali yenyewe. Mkulima wa Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, alitakiwa kung'oa na kuchoma mabua yake yote mara baada ya mavuno. Aliyeyaacha yamesimama shambani baada ya tarehe iliyowekwa alihesabiwa kuwa mkosaji.

Adui safari hii alikuwa mdudu. Na ukiifuatilia historia ya mapambano dhidi yake katika mashamba ya ekari mbili tatu, swali linalojirudia si la elimu ya wadudu peke yake. Ni swali la nani anayelipa.

Jani lenye vinyweleo

Mdudu wa kwanza kuwatia wataalamu wasiwasi hakuwa funza, bali kijidudu cha kijani kirukacho, ambacho mabwana shamba hukiita chawajani. Hukaa chini ya jani na kufyonza utomvu wake. Kingo za jani hugeuka manjano, kisha nyekundu, na jani hujikunja kama lililobabuliwa na moto. Pamba ya aina iliyoletwa kutoka ng'ambo, yenye majani laini yasiyo na vinyweleo, haikuweza kustahimili.

Jawabu lilipatikana Barberton, Afrika Kusini, katika miaka ya 1920. Mtaalamu F. R. Parnell na wenzake waliona kwamba miche yenye vinyweleo virefu na vingi chini ya majani haikudhurika sana. Walichagua mbegu zake, wakazipanda, wakachagua tena. Matokeo ya kazi hiyo ndefu yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 1949.

Sifa hiyo ya vinyweleo ikafuatwa pia katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa mji wa Mwanza, ambako zilizalishwa mbegu zilizopewa herufi UK na namba. Msikilizaji aliyeko London asidhani herufi hizo ni za Uingereza. Ni za Ukiriguru.

Jambo la kuzingatia hapa ni gharama. Mbegu zilitoka viwanda vya kuchambua pamba na, kwa miaka mingi, mkulima alizipata bila malipo. Kinga ilikuwa imo ndani ya mbegu. Hakuhitaji bomba, wala maji, wala mkopo, wala hata kujua kwamba kinga hiyo ipo. Alipanda tu. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960 mavuno ya Usukuma yaliongezeka mara kadhaa, na ongezeko hilo lilitokana zaidi na mbegu bora na mashamba mapya kuliko na dawa za kunyunyiza.

Mabua na kuni

Kinga ya pili ilikuwa kalenda. Wadudu kadhaa wa pamba, hasa funza wa waridi ambaye hujificha ndani ya vitumba vilivyokauka, huhitaji daraja la kuwavusha kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Mabua yakichomwa, daraja limevunjika. Katika kanda ya magharibi, tarehe ya mwisho iliyokuja kuzoeleka ni 15 Septemba.

Kitaalamu kanuni hiyo haina dosari. Lakini iliwafikia Wasukuma pamoja na kanuni nyingine nyingi. Chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, watu walielekezwa namna ya kupiga matuta, kiasi cha kulima na idadi ya ng'ombe wa kuuza. Kanuni njema na kanuni mbaya zilifungwa katika furushi moja, nalo furushi likazaa manung'uniko yaliyowapa wanasiasa wa TANU wasikilizaji wengi katika miaka ya 1950.

Tena kulikuwa na suala la jikoni. Sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa zimefyekwa miti ili kumnyima mbung'o kivuli, vita vingine kabisa dhidi ya mdudu mwingine. Mahali pasipo na miti, bua la pamba ni kuni. Mwanamke aliyeyafunga mabua na kuyaweka nyuma ya nyumba alikuwa na sababu yake, hata kama ndani ya vitumba vilivyosalia funza naye alikuwa amelala.

Chupa yaingia shambani

Funza wa vitumba, yule ambaye Waingereza humhusisha na Marekani, alikuwa mkaidi zaidi. Kuchoma mabua hakumkomeshi, maana hali pamba peke yake. Hula mahindi, mtama, dengu na nyanya, yaani karibu kila kitu ambacho mkulima wa Usukuma hupanda kwa ajili ya tumbo lake. Katika miaka ya 1960 mtaalamu W. Reed wa Ukiriguru alimchunguza kwa kina na kuandika juu ya maisha yake katika mahindi na katika pamba.

Vinyweleo havimzuii funza huyu. Nondo wake hutaga mayai bila taabu juu ya jani lenye vinyweleo. Ikabaki sumu.

Kwanza ilikuwa DDT, kisha endosulfani, ambayo ni hatari kubwa kwa samaki. Kunyunyiza kwa bomba la mgongoni kulidai maji mengi, na maji hayo yalibebwa kichwani kutoka kisimani katika nchi kame. Ndiyo maana vinyunyizio vidogo vya betri vilipokuja katika miaka ya 1970, vikitumia lita chache tu za dawa ya mafuta kwa hekta, vilipokelewa vizuri, ingawa betri nazo zilikuwa bidhaa adimu.

Baadaye zikaja dawa zilizoundwa maabara kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Mojawapo ya zile za mwanzo ilitengenezwa na Michael Elliott huko Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973. Ua lenyewe lililimwa, na bado linalimwa, katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Maabara ilimpa mkulima wa pamba silaha na kumpunguzia soko mkulima wa pareto.

Kuanzia hapo, kinga ilitegemea fedha. Vyama vya ushirika viliweza kukopesha dawa na kukata deni wakati wa kununua pamba, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994 wanunuzi wakawa wengi, na hapo mkopeshaji hakuwa tena na hakika ya kulipwa, kwani mkulima angeweza kumwuzia mwingine. Wengi walinyunyiza mara moja au mbili badala ya kila wiki mbili kama walivyoshauriwa. Wengine hawakunyunyiza kabisa.

Ubao wenye matundu

Nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, P. Beeden alieleza kifaa cha bei rahisi mno: kipande cha ubao chenye matundu na vijiti. Mkulima hupita shambani akikagua idadi maalumu ya miche. Kila akiona yai au funza, husogeza kijiti tundu moja mbele. Kijiti kikifika kwenye alama, anyunyize. Kisipofika, arudi nyumbani na dawa yake. Hakuhitaji kujua kusoma.

Njia hiyo ya kuhesabu kwanza ilifundishwa pia mkoani Shinyanga katika mradi wa udhibiti husishi wa wadudu, uliosaidiwa na Ujerumani katika miaka ya 1990. Haikuwa rahisi kuieneza, kwa kuwa dawa za mkopo ziligawiwa kwa utaratibu wa kalenda, na ubao haukuwa na mfanyabiashara wa kuupigia debe. Huko Meatu, tangu mwaka 1994, wakulima wa pamba ya kilimo hai wameachana na sumu za viwandani.

Kurudi kwenye mbegu

Burkina Faso ilianza kupanda kibiashara pamba iliyobadilishwa chembe za urithi, yenye sumu ya kuua viwavi ndani yake, mwaka 2008. Funza walipungua, lakini nyuzi zikawa fupi, na kufikia mwaka 2016 kampuni za pamba zilikuwa zimeamua kuiacha. Kenya iliidhinisha kilimo cha pamba ya namna hiyo mwezi Desemba mwaka 2019. Kinga imerudi ndani ya mbegu, ila mbegu hiyo ni chotara, na hununuliwa upya kila msimu.

Tena sumu yake humwua kiwavi tu. Chawajani haimdhuru; huyo angali akizuiwa na vinyweleo vya jani.