Petroli ya Motokaa Katika Ndege Ndogo

Leo twauliza: petroli ya motokaa yaweza kurusha ndege?

Hapo mwanzo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1903, Wilbur na Orville Wright wa Marekani waliruka kwa petroli ya kawaida. Baadaye injini zilitiwa nguvu zaidi, na petroli ikawa yalipuka kabla ya wakati wake, ikizigonga ndani. Mwaka 1921 dawa ilipatikana, nayo ilikuwa na madini ya risasi. Ikatiwa katika petroli ya ndege na ya motokaa.

Lakini risasi ni sumu. Huharibu akili za watoto. Kufikia mwaka 2006, karibu nchi zote za Afrika zilikuwa zimeiondoa katika petroli ya motokaa. Ndege ndogo nyingi zingali zaitumia.

Mwaka 1982, baada ya majaribio, Marekani iliruhusu petroli ya motokaa katika Cessna 150, ndege ya watu wawili yenye injini ya nguvu kidogo. Ndege nyingine zikafuata, lakini si zote.

Kwa nini si zote? Petroli ya motokaa hugeuka mvuke upesi. Katika nchi ya juu kama Basotu, jua likiwa kali, mvuke waweza kuziba bomba, injini ikazimika. Motokaa ikizimika husukumwa. Ndege angani nani ataisukuma?

Basi, karibu na kifuniko cha tangi la ndege huandikwa petroli inayofaa. Asiyejua kusoma asimimine. Maneno hayo machache ni roho za watu.