Utawala wa Kiraia: Mpito Usiomtaja Anayekabidhi

Daladala la kutoka Boko kwenda Mwenge hupita kando ya kambi ya jeshi ya Lugalo, na humo garini si ajabu kumsikia kijana aliyemaliza JKT bila kuchukuliwa jeshini akisema amerudi uraiani. Neno hilo la mtaani halina utata. Kuna upande wa kambi, na kuna upande wa sisi wengine wote. Askari kanzu naye husemwa amevaa kiraia. Mwaka 2023, JWTZ lilipotoa siku saba kwa wenye nguo zinazofanana na sare zake wazisalimishe, hakuna aliyehitaji kuelezwa raia ni nani.

Tabu huanza neno hilohilo linapoingia kwenye taarifa za mambo ya nje. Serikali fulani ya ng'ambo inatangaza kwamba itaisaidia nchi iliyo mikononi mwa majenerali, nasi tunaandika kwamba inaunga mkono “mpito kwenda demokrasia ya kiraia”. Kiraia kwa maana ipi? Haki za kiraia humhusu mtu mbele ya dola. Asasi za kiraia ni vyama na mashirika yaliyo nje ya serikali. Mavazi ya kiraia ni yale yasiyo sare. Maana inayotakiwa hapa ni hii ya mwisho, ya yule kijana wa kwenye daladala: watawala wasiotoka kambini. Kwa hiyo utawala wa kiraia unatosha, na demokrasia itajwe peke yake, maana Afrika imeona wakuu wengi waliovua magwanda, wakavaa suti, na madaraka wakabaki nayo.

Lakini kwangu neno lenye walakini zaidi ni “mpito”. Ni nomino fupi na imekwishazoeleka: serikali ya mpito, katiba ya mpito, kipindi cha mpito. Kasoro yake ni kwamba haimtaji mtendaji. Ukiisoma utadhani madaraka hupita yenyewe kama masika. Kumbe yupo anayekabidhi, yupo anayepokea, na mara nyingi yupo jirani anayesimamia makabidhiano.

Tanzania iliwahi kuwa jirani huyo. Machi 1979, majeshi yetu yakiwa ndani ya Uganda, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi na kuunda muungano wa UNLF, chini ya Profesa Yusuf Lule. Milton Obote, aliyekuwa akiishi hapa Dar es Salaam tangu apinduliwe na Idi Amin mwaka 1971, hakuhudhuria. Kampala ilianguka Aprili 11, na siku mbili baadaye Lule akaapishwa. Kwenye karatasi, huo ulikuwa mpito wa kiraia hasa: profesa Ikulu, baraza la mashauriano, na ahadi ya uchaguzi.

Lule alikaa siku 68. Baraza lilimwondoa Juni 20, likimlaumu kwa kufanya uteuzi bila kulishirikisha, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanasheria Godfrey Binaisa. Mei 1980 Binaisa alijaribu kumng'oa mnadhimu mkuu wa jeshi, David Oyite Ojok. Kilichong'oka ni yeye. Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, na makamu wake Yoweri Museveni, ikashika nchi, huku askari wa Tanzania wakiwa palepale Kampala bila kuizuia. Desemba uchaguzi ukafanyika. Muwanga akajitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, na chama cha Obote kikatangazwa mshindi. Februari 1981 Museveni akaingia msituni.

Sisemi Mwalimu Nyerere alikosea kuwaondolea Waganda Amin. Ninachosema ni kwamba mwenye askari mjini hawezi kujiita mtazamaji, na neno “mpito” lilimpa kila mhusika nafasi ya kujificha.

Sudan imeyarudia hayo kwa sura nyingine. Makubaliano ya Agosti 2019 kati ya wanajeshi na raia yalipanga mpito wa miezi 39, ambapo wanajeshi wangeongoza Baraza Kuu miezi 21 ya kwanza kisha wawaachie raia miezi 18. Umoja wa Mataifa ukaunda ujumbe maalumu wa kusaidia mpito huo, Marekani ikaahidi fedha. Oktoba 25, 2021, kabla zamu ya raia haijafika, mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, alimweka kizuizini waziri mkuu Abdalla Hamdok. Marekani ikasimamisha dola milioni 700, Umoja wa Afrika ukasimamisha uanachama wa Sudan. Aprili 2023 majenerali wenyewe kwa wenyewe wakaanza kupigana, na ule ujumbe ukafungwa Februari 2024.

Pendekezo langu kwa wahariri ni dogo. “Kipindi cha mpito” kibaki, kwa kuwa ni jina la muda. Tendo lenyewe tuliite makabidhiano ya madaraka kwa raia. Neno hilo linadai majina mawili na tarehe. Na “kuunga mkono” kusiachwe hivihivi: andikeni kama ni fedha, waangalizi au askari, na nani anawalipa.