Biti kwa biti

Wapenzi wa muziki wanaosikiliza kwa kompyuta wana ubishi usioisha. Wimbo ni uleule na spika ni zilezile, lakini mmoja anaapa kwamba programu hii inautoa mkavu, na ile inautoa mnene, besi ikitulia mahali pake. Wapo wanaolipia programu ya kuchezea muziki kwa sababu hiyo tu. Ubishi huu una istilahi yake ya Kiingereza, "bit-perfect", ambayo ukiitafsiri kwa haraka utapata "biti kamilifu". Napendekeza tuiite "biti kwa biti", na sababu zimo katika kazi yenyewe ya programu hizo.

Tuangalie kwanza kilichomo kwenye faili. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutokana na ushirikiano wa Sony na Philips, huhifadhi sauti kwa namba: sampuli 44,100 kila sekunde upande wa kushoto, na nyingine idadi hiyohiyo upande wa kulia. Kila sampuli ni namba kuanzia -32,768 hadi 32,767, iliyoandikwa kwa biti 16. Kwa hiyo programu inapofungua wimbo haikutani na besi wala sauti ya mwimbaji. Inakutana na safu ya namba, tuseme 1204, 1198, 1173, na kazi yake ni kuzifikisha kwenye kigeuzi, yaani kifaa kinachozigeuza kuwa mkondo wa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya na spika. Zikifika vilevile, kwa mpangilio uleule, zimefika biti kwa biti.

Neno "kamilifu" lina kasoro hapo. Ni neno la sifa, na msomaji ataelewa kwamba sauti yenyewe ni bora. Rekodi iliyoharibika studio ikifikishwa biti kwa biti itafika na uharibifu wake wote. Kiswahili tayari kina usemi wa kunukuu neno kwa neno, na hakuna anayedhani kwamba maneno yaliyonukuliwa hivyo lazima yawe ya busara. Tunachoahidiwa ni kwamba hayakuguswa.

Tena ahadi hiyo inapimika. Chukua namba zilizotoka kwenye programu ya kwanza, geuza alama za zile zilizotoka kwenye ya pili, kisha zijumlishe moja moja: 1204 na -1204, 1198 na -1198. Jibu likiwa sifuri mwanzo mpaka mwisho wa wimbo, programu hizo mbili zimepeleka kitu kimoja, na kigeuzi hakina njia ya kujua ni ipi iliyokipeleka. Jibu lisipokuwa sifuri, kuna kilichoguswa, na mara nyingi chanzo chake ni rahisi kukipata. Huenda ikwalaiza imeachwa wazi, au programu inalinganisha nguvu ya sauti kati ya wimbo na wimbo, au kitufe cha sauti cha ndani ya programu kimeshushwa.

Sababu nyingine imejificha kwenye mfumo wa kompyuta. Windows ikichanganya sauti za programu zote huzilazimisha ziende kwa kasi moja, mara nyingi sampuli 48,000 kwa sekunde. Wimbo wa CD ukipita hapo, kila sampuli 147 lazima zitengenezewe 160. Hizo 160 ni namba mpya zilizokokotolewa, kwa hiyo biti kwa biti haipo tena. Lakini ukokotozi huo ukifanywa vizuri, kosa lake huwa dogo kuliko sikio linavyoweza kugundua. Kuvunjika kwa biti kwa biti peke yake hakuthibitishi kwamba muziki umeharibika.

Dai ninaloliona gumu kulitetea ni la programu zinazosemekana kuboresha sauti kwa kuupakia wimbo wote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwanza, au lile kwamba faili ya FLAC husikika hafifu kuliko ya WAV, isiyobanwa, kwa kuwa kompyuta "inahangaika" kuifungua. FLAC hubana faili bila kupoteza hata namba moja. Ama suala la wakati, yaani hofu kwamba kompyuta ikihangaika namba zitachelewa, namba hazikimbilii spika moja kwa moja. Huingia kwanza kwenye akiba ya muda, kama maji yanayoingia kwenye tangi kwa mafungu na kutoka bombani kwa mkondo mmoja, na saa ya kigeuzi ndiyo inayoamua kila namba itoke lini. Kompyuta yenye waya mbovu inaweza kupenyeza mvumo wa umeme hadi kwenye spika, hilo ni kweli, na dawa yake ni kurekebisha waya.

Basi watu husikia nini? Husikia tofauti ya nguvu ya sauti, aghalabu. Desibeli moja tu ikizidi, wengi wetu tutasema hiyo ndiyo nzuri zaidi. Husikia pia matarajio yao, na hilo si jambo la aibu, ndivyo usikivu wa binadamu ulivyo. Ndiyo maana lipo jaribio la ABX: unasikiliza A na B, kisha X iliyofichwa, useme ni ipi kati ya hizo mbili. Ukipatia mara 12 katika 16, uwezekano wa kufikia hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 4. foobar2000, programu aliyoianzisha Peter Pawlowski mwaka 2002, ina nyongeza ya kufanyia jaribio hilo, na waandaaji wake hawadai kwamba inatoa sauti bora kuliko nyingine.

Kwa anayetafsiri menyu, ningeandika "Toa sauti biti kwa biti", na chini yake onyo fupi kwamba programu itaihodhi kadi ya sauti ili wimbo usichanganywe na sauti nyingine, kitufe chake cha sauti huenda kisifanye kazi, na milio ya programu nyingine haitasikika mpaka wimbo usimamishwe.