Pijo ya Nkwenda: historia fupi ya bei ya spea

Ukifika gereji yoyote pale Omurushaka na kuuliza bei ya kitu, fundi hakutajii bei kwanza. Anakuuliza: "Unataka ya kiwandani au ya kwetu?" Ya kiwandani ni ile yenye boksi na namba. Ya kwetu inaweza kuwa imetolewa kwenye gari lililokufa, au imechongwa kule nyuma kwenye vumbi la grainda. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya bei ambayo mara nyingine inamfanya mteja acheke kidogo, aangalie barabara, kisha aseme, "Haya, weka ya kwetu."

Nimeishi na swali hilo tangu utotoni kwa sababu ya gari moja, Peugeot 404 ya Baba Mkubwa wangu, ambayo mabaki yake yako hadi leo kwenye migomba karibu na Nkwenda. Siku hizi pale panaitwa Wilaya ya Kyerwa. Wakati gari linanunuliwa palikuwa Karagwe tu, maana wilaya iligawanywa mwaka 2012. Vitabu vyetu vimeandika sana juu ya barabara, vita, kahawa na wafalme. Juu ya spea sijaona kitu, na bila spea hiyo kahawa isingefika popote.

Kwa nini Pijo, na siyo gari jingine? Jibu lilikuwa redioni. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia zake zilikuwa zinavuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu yalifika mwisho. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya 404. Katikati yake, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye ndani ya 404. Yaani ushindi mara nne ndani ya miaka sita, kwa gari lilelile ambalo mwenye duka wa Bukoba alikuwa amelipaki nje ya duka lake. Leo wapenzi wa magari ya kale wanaitaja 404 kwenye meza moja na Datsun 240Z, ile gari ya michezo ambayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda nayo Safari ya 1973 baada ya kufungana pointi na Harry Källström. Kwetu 404 ilikuwa gari ya kubebea kahawa, wagonjwa na maharusi. Lakini kila mtu alijua ni bingwa.

Baba Mkubwa aliinunua mwaka 1973 ikiwa imeshatumika, kwa fedha ya misimu miwili ya kahawa. Anasema gari halikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni karatasi aliyopewa pamoja nalo, orodha ya vipuri yenye namba ndefu ndefu. Alidhani ni madeni.

Hakukosea sana. Fikiria safari ya pampu moja ya maji. Inatoka Ufaransa kwa meli hadi Dar es Salaam. Inapanda treni hadi Mwanza. Inavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, halafu inapanda lori, na kama mvua haijanyesha inafika Karagwe siku hiyohiyo. Kila kituo kina mtu wake anayetaka kula. Mpaka ifike Nkwenda, bei ya chuma chenyewe imeshamezwa na bei ya njia.

Halafu njia zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Uagizaji wa magari ulikuwa umeshawekwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation, na spea ikawa inahitaji kibali cha fedha za kigeni kabla hata ya kuhitaji fedha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa mwaka 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita vilikwisha mwaka uliofuata, lakini hazina ilikuwa tupu. Mwalimu aliwaambia watu wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo 18, kama wazee wengi wanavyokumbusha kwa mzaha mchungu, haijatangazwa kuwa imekwisha.

Hapa naomba msomaji univumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu tutabaki kulaumu kiwanda. Mwaka 1978 dola moja ilikuwa haifiki shilingi 8. Katikati ya 1986, serikali ilipokubaliana na IMF, ilikuwa karibu 40. Mwaka 1990 ilikuwa inakaribia 200. Mwaka 2000 ilikuwa kama 800, na katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,500. Chukua spea ya dola 50, na tuseme kiwanda hakikuongeza hata senti moja miaka yote hiyo. Mwaka 1978 ni shilingi chini ya 400. Mwaka 1990 ni karibu 10,000. Mwaka 2000 ni 40,000. Katikati ya 2024 ni zaidi ya 125,000. Pampu ni ileile, boksi ni lilelile. Kilichobadilika ni shilingi yetu. Lakini ukisimama dukani hauoni shilingi ikishuka, unaona spea ikipanda.

Na kwa kweli miaka ya mwanzo ya 1980 bei halali ilikuwa hadithi tu, maana kitu chenyewe hakikuwepo. Kilichokuwepo ni magendo. Kahawa ya Karagwe ilivuka Mto Kagera usiku, hasa upande wa Murongo, ikarudi ikiwa sabuni, chumvi, vitenge, na mara mojamoja ikiwa kitu chenye grisi kilichofungwa kwenye gazeti. Mtu aliyekuwa ameuza kahawa yake kwa butura, yaani ikiwa bado iko mtini, alikuwa hana hata hiyo ya kuvusha. Baba Mkubwa alikuwa nayo. Mwanzoni mwa 1983 alitoa gunia mbili za kahawa, akapata kabureta mpya ya Solex, ndani ya boksi lake.

Hakuifunga. Kabla hajapata siku ya kuifunga, ikaanza ile operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Sokoine. Watu walitupa mabati mtoni na vitambaa porini kwa kuogopa kukutwa navyo. Yeye alipaka kabureta grisi, akaifunga kwa majani ya mgomba na nailoni, akaiweka ndani ya debe na kuizika shambani. Alipoulizwa na mke wake anazika nini, alisema anazika gunia mbili.

Sasa hapo ndipo wengi wetu huwa tunaanza kusifia ubunifu wa mafundi, na mimi nimewahi kuandika hivyo. Karagwe inakuruhusu kirahisi. Speke alipokaa kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861 alikuta ikulu yenye mambo, na Stanley aliyepita 1876 aliandika juu ya nyumba ya hazina iliyokuwa na sanamu za chuma na shaba. Mila za huko zinamhusisha Ndagara, baba yake Rumanyika, na uhunzi wenyewe. Ukishuka kuelekea ziwani, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 utafiti wao kuhusu namna wazee wa Buhaya walivyoyeyusha chuma kwa ustadi uliowashangaza wanasayansi. Mwaka 1978, angalia! Mwaka uleule ambao tulianza kukosa bolti. Ni rahisi kuchora mstari kutoka kwa wahunzi hao hadi kwa fundi wa Omurushaka anayechonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Mstari unapendeza. Sina hakika kama unafika.

Maana bushi ya tairi inadumu miezi mitatu, na hilo linavumilika. Gaskiti ya boksi la sabuni inavuja, unaongeza maji. Lakini ndani ya masta silinda ya breki kuna raba ndogo, ukubwa wa kitufe cha koti, na mwaka 1985 raba hizo za Pijo hazikupatikana Kayanga, Bukoba wala Mwanza. Fundi alizikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Zilifanya kazi wiki mbili. Oili ya breki inaila raba ya namna hiyo taratibu, inavimba, inalegea. Kwenye mteremko, gari likiwa na gunia nane za kahawa na utingo amekaa juu, kanyagio likaenda hadi chini bila upinzani. Dereva alilipeleka gari ukingoni kwenye udongo, na hiyo iliokoa wengine. Utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, alipoteza mguu wa kulia.

Namfahamu huyo utingo. Sasa ni mzee, anafuga mbuzi. Sijawahi kumsikia akisifia ubunifu. Wala fundi simlaumu, kwani alifanya alichoombwa kufanya na watu waliotaka kahawa ifike kabla ya mvua. Ila tangu nilipomsikiliza mzee yule, kila nikisoma makala ya kupamba "mafundi wetu wa mtaani" huwa natafuta mahali ambapo mwandishi ametaja breki.

Ajabu ni kwamba wakati huo mlango ulikuwa umeshaanza kufunguka. Bajeti ya 1984 iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, bila kuulizwa sana amezipata wapi. Spea zikaanza kuonekana Dar, kisha Mwanza. Hadi zifike kwetu, Pijo ilikuwa imeshawekwa kwenye migomba. Miaka ya 1990 yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, na Toyota ikamaliza kazi ambayo Amin na fedha za kigeni hazikuimaliza. Spea ya Toyota iliyotumika ikawa inapatikana hata kwenye duka la chumvi. Leo kwenye lami ya Kyaka kwenda Bugene inapita michomoko iliyojaza abiria, na hakuna anayeuliza Pijo ilikwenda wapi.

Wanaouliza wako mbali. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambako matajiri wa Ulaya na wenzao wa Nairobi wanaleta Porsche 911, Ford Escort na Datsun za zamani kukimbia kwenye vumbi letu; Björn Waldegård, aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1977, alishinda na hii ya wazee mwaka 2007 na 2011. Viwanda navyo vimeshtuka. Toyota imeanza kutengeneza upya vipuri vya magari yake ya kale, na mwaka 2021 ikatangaza kwamba Land Cruiser za zile za 40, zilizojaa misheni na hospitali zetu, nazo zimo. Porsche ina idara yake. Peugeot ina chama chake cha urithi kinachouza vipuri vya kina 404. Bei ziko juu, na sababu zake siyo siri. Kiwanda kikishaacha kutengeneza gari, baada ya miaka kadhaa kinatupa kalibu zake. Kuzitengeneza upya kwa ajili ya vipande mia tatu ni gharama ileile kama kwa vipande laki tatu, na kila kipande kinabeba sehemu yake. Zaidi ya hapo, anayenunua hana haraka ya kuwahisha kahawa. Analipia namba iliyogongwa kwenye chuma, ili aweze kusema kila kitu ndani ya gari lake ni cha kiwandani. Kwa hiyo kitu ambacho hakijawahi kufungwa, chenye boksi lake la zamani, kinapita bei zote.

Na ndivyo dalali alivyofika Nkwenda, mwishoni mwa 2024. Kijana mpole, ana simu mbili, amesikia kwa fundi kwamba kuna mzee ana "kitu kwenye boksi". Debe lilifukuliwa zamani; kabureta inakaa chini ya kitanda. Nilikuwepo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alipewa kahawa ya kutafuna, akatafuna. Aliishika kabureta kama mtu anayeshika mtoto asiye wake, akaigeuza, akaipiga picha namba, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alisema laki sita.

Mimi nilitikisa kichwa cha kukubali kabla sijaulizwa, maana paa la jikoni linavuja na sote tulikuwa tunalijua. Baba Mkubwa hakunitazama. Alimuuliza yule kijana kahawa ya maganda mnadani msimu ule ilikuwa inauzwaje. Kijana hakujua, akauliza kwenye simu, akajibu. Mzee akahesabu kwa vidole, polepole, midomo ikicheza.

"Basi umenirudishia gunia zangu mbili," alisema. "Hizo nilizitoa mwenyewe. Sasa niambie, ya kukaa na hiki kitu miaka arobaini na moja ni kiasi gani?"

Dalali alicheka. Mzee hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Baada ya muda kijana aliomba ruhusa akapige simu nyingine, akasimama kule kwenye migomba, karibu na Pijo, ambayo kuku wametaga ndani ya kiti cha dereva.