Kijito cha chini ya kapeli: habari za maji na majirani katika Masisi na Walikale



Wenzangu walioandika mbele yangu katika kitabu hiki cha yubile wameeleza habari za mapadri wa kwanza, za makatekista waliotembea kwa miguu siku nzima, na za kanisa letu lilivyojengwa tofali kwa tofali. Mimi nimepewa kazi inayoonekana kuwa ndogo: niandike habari za maji. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kidogo. Halafu nikakumbuka ya kwamba matofali yenyewe yalikandwa kwa maji ya kijito, na kwamba hakuna mtoto aliyebatizwa katika kapeli yetu ambaye maji yake hayakuchotwa pale chini, kwa bidoni, na mama fulani aliyeamka kabla ya jua kutoka.

Kijito chenyewe sitakitaja kwa jina. Watu wa juu wanakiita hivi, wa chini wanakiita vile, na ubishi juu ya jina hilo ulikwisha kutupotezea mkutano mmoja mzima, kama nitakavyosimulia.

Kwanza tuitazame nchi. Teritwari ya Masisi ina kilometre za mraba 4.734, ile ya Walikale ina 23.475, maana yake karibu mara tano. Masisi ni milima mirefu na malisho. Walikale ni pori kubwa la joto. Lakini maji hayajui mipaka ya teritwari. Maji ya milima yetu yanayoelekea machweo hukusanyika katika mito kama Osso na Lowa, hupita Walikale, na mwishowe huingia katika Lualaba. Basi mtu akilima vibaya kwenye mteremko wa Masisi, tope la shamba lake huonwa na mvuvi wa Walikale ambaye hawatasalimiana hata siku moja.

Wazee wetu walilijua jambo hilo bila kusoma. Tuliwasikia wakisema ya kwamba miti iliyosimama juu ya jicho la chemchem haikatwi, na anayefua nguo mahali pa kuchotea anaitwa mbele ya wakubwa. Katika pori la Walikale akina mama walivua pamoja: waliziba kijito kwa udongo na majani, wakayaondoa maji kwa vikapu, wakaokota samaki na kaa, halafu boma likabomolewa ili maji yaende kwa wengine. Sisemi kwamba zamani zote zilikuwa nzuri. Watu walikuwa wachache, na pori lilikuwa kubwa. Ni rahisi kutunza kitu ambacho hakijapungua.

Kilipungua upesi. Mwaka wa 1928 Wabelji waliunda Komite ya Taifa ya Kivu, ambayo iligawia wakoloni mashamba makubwa. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ileile ilileta kutoka Rwanda makumi ya maelfu ya watu, ikawaweka hasa katika Gishari na pande nyingine za Masisi, kwani mashamba yalihitaji mikono na Rwanda ilikuwa na njaa. Wale waliokuja walitaka kuishi, kama mtu yeyote. Waliokuwapo waliona ardhi ya mababu ikikatwa pasipo wao kuulizwa. Pori likafyekwa, milima ikalimwa mpaka kileleni, na mvua zikaanza kushuka na udongo.

Wakubwa wa kikoloni waliiona hatari hiyo. Dawa yao ilikuwa amri. Sheria ya tarehe 5 Disemba 1933 ilikuwa imekwisha kuruhusu kazi za lazima hadi siku 60 kwa mwaka, na baada ya Vita ya Pili watu wa Kivu wakachimbishwa mifereji ya kuzuia mmomonyoko mlimani, mstari juu ya mstari. Mifereji ilikuwa na akili ndani yake; mtu asiyechimba alitozwa faini au alifungwa. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wengi waliiacha ikajaa, na wengine waliifukia kwa mikono yao. Mzee mmoja aliniambia: hatukuchukia mfereji, tulichukia yule aliyesimama juu yake na kiboko.

Kisha ikaja Zaire na salongo yake. Sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka kupangwa mstari kila Jumamosi na jembe, tukiimba sifa za chama. Barabara ilifagiwa siku mkubwa alipotarajiwa kupita. Kijito hakikuwa na mkubwa wa kupita, basi hakikufagiwa. Zaidi ya hayo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na tarehe 30 Novemba mwaka uleule ilitangazwa zairianisasio. Mashamba ya wazungu yakaingia mikononi mwa wenye nguvu, mengi yakawa malisho. Ng'ombe ni mali njema. Lakini ng'ombe mia wakishuka kunywa katika chemchem moja, jioni hakuna chemchem, kuna matope.

Mwezi wa Machi 1993 vita ya majirani ilianzia kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, ikapanda Masisi. Sitaandika hapa nani alimfanyia nini nani; kitabu hiki kitasomwa na watoto wa pande zote. Nasema hili tu: kulikuwa na miezi ambapo mama wa kilima kimoja hakuthubutu kuteremka mtoni, kwani angekutana na wa kilima cha pili. Mwaka uliofuata, katika Julai 1994, kolera iliua maelfu na maelfu ya wakimbizi huko Goma, na nchi nzima ikajifunza kwa machozi maana ya maji machafu.

Katika seminari ndogo tulifundishwa ya kwamba kwa Kilatini kijito ni *rivus*, na *rivalis* ni mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Kutoka hapo Wafransa wamepata neno lao la mshindani. Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani. Nimelielewa baadaye, nilipokaa katikati ya kilima cha juu na kilima cha chini nikisikiliza matusi.

Tuliporudi kutoka ukimbizini, kijito chetu kilikuwa kamba ya matope. Watoto wa chini waliugua matumbo kila msimu. Wa chini walisema: ni ng'ombe wenu. Wa juu walisema: ninyi mmekata miti ya ukingo kwa kuchoma makala. Mkutano wa kwanza, uliokuwa wa kutafuta dawa, ulianza kwa sala na ukavunjika kwa jina la kijito. Katika mkutano wa pili mama mmoja wa shirika, asiyejua kusoma, aliinuka akauliza: na ile mikalitusi iliyo juu ya jicho la maji, ni ya nani?

Ilikuwa yangu. Niliipanda mimi katekista, miche arobaini, nikitumaini kuuza miti na kulipa masomo ya mtoto. Mkalitusi hunywa maji mengi. Si mti wa kuwekwa karibu na chemchem. Nilikuwa nimewahubiria watu juu ya mali ya wote huku mizizi yangu ikinyonya kisima chao. Siku ile nilinyamaza. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na msumeno, na watu wa vilima vyote viwili wakaja kutazama kama ni kweli. Walipoona ya kwamba ni kweli, wakabaki kufanya kazi.

Kazi yenyewe haina siri. Tulichimba mpaka jicho la maji, tukaweka mawe makubwa, kisha kokoto, kisha udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa sana, na bomba likapita katika ukuta mdogo wa simenti. Juu yake tulichimba mfereji wa kupotosha maji ya mvua, tukazungushia ua. Kila nyumba ilileta kikapu cha mawe. Kwenye mteremko tulipanda setaria na matete, mistari ileile ambayo babu zetu waliifukia, na mianzi kwenye ukingo. Ng'ombe walipewa birika lao chini ya bomba. Mwenye malisho, anayekaa mjini, alikubali baada ya kuandikiwa barua tatu. Nasikia katika Walikale, upande wa Nkuba, jamaa zenye ardhi za mababu zimepatana kutunza pori lao lenye sokwe, na amri ya tarehe 2 Agosti 2014 imewapa wenyeji njia ya kumiliki pori kwa jina la jumuiya. Mito yao itanufaika, ingawa mahali pengine wachimbaji wa kasiterite na dhahabu wanaichafua kila siku.

Hata hivyo nani atacheka kazi ya kikapu cha mawe? Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, vijito vya Nyamukubi na Bushushu katika Kalehe, jirani zetu wa kusini, vilishuka na mlima, vikaua watu zaidi ya 400.

Vita vilirudi: Januari 2025 katika Masisi, Machi 2025 katika Walikale. Tulikimbia tena. Tuliporudi bomba lilikuwa limeng'olewa, lakini ukuta ulisimama na mianzi ilikuwa imekua kupita urefu wa mtu. Tulikata mmoja, tukautoboa vifundo, tukauweka mahali pa bomba; unatoa maji mpaka leo. Jumamosi iliyotangulia Misa ya yubile ilikuwa zamu ya watu wa juu kusafisha mfereji. Wa chini walikuja vilevile, wakisema hawawezi kuwaachia hao siku nzima peke yao, watabadilisha jina la kijito.