Kabla ya Sangara: Ningu wa Mto Sio na Hifadhi ya Samaki katika Mpaka wa Busia

Historia ya kupungua kwa samaki wa asili katika Ziwa Viktoria husimuliwa mara nyingi kama historia ya sangara. Makala haya yanaonyesha kwamba masimulizi hayo hayatoshi kwa Lunyo na maeneo jirani ya Busia. Hapo, samaki aliyetegemewa sana mitoni, ningu, alianza kutoweka kabla sangara hajaenea.

Ningu huishi ziwani lakini hutaga mitoni. Mvua kubwa zinapoanza, hupanda mito kama Sio na Nzoia hadi kwenye maji yaliyofurika kingoni. Kwa hiyo uvuvi wake ulikuwa wa msimu: wenyeji walijenga nyuzio za matete na kutega migono mtoni. Vifaa hivyo viliharibika mafuriko yalipozidi, na samaki wengi wakapita.

Mto Sio ulipata sura mpya ya kisiasa mwaka 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Sehemu ya mto ikawa mpaka, na Wasamia wakabaki pande zote mbili. Ningu naye akawa samaki wa tawala mbili.

Badiliko la pili lilikuwa jarife, lililoingia ziwani mwaka 1905. Ngege alipoanza kupungua, serikali za kikoloni zilimleta Michael Graham, aliyechunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Alipendekeza macho ya wavu yasipungue inchi 5, na pendekezo hilo likawa msingi wa sheria. Hata hivyo, kipimo hicho kilimlenga ngege, mwenye mwili mpana. Ningu ni mwembamba; anayemtaka huhitaji wavu wenye macho madogo zaidi. Katika miaka ya 1950 Uganda iliondoa kikomo hicho, wakati uleule nyavu za nailoni zilipokuwa zikienea. Majarife yaliyotegwa kwenye midomo ya mito yaliwakuta ningu wamejaa mayai, kabla hawajataga. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr alichapisha utafiti kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu na kudhoofika kwa mbinu za kienyeji za uvuvi katika Mto Nzoia.

Wakati huo mjadala mkubwa wa wataalamu ulihusu jambo jingine. Waliotaka sangara apandikizwe walidai kwamba angewageuza fulu, samaki wadogo wasio na bei, kuwa kitoweo kikubwa. Wengine walimtaka pia kwa uvuvi wa burudani, kwa kuwa hupambana sana anaponaswa na ndoana. Graham alikuwa ametahadharisha mapema, na Geoffrey Fryer akapinga tena mwaka 1960. Sangara walikwisha kuonekana upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na upandikizaji rasmi ukafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Madhara yake kwa fulu yalidhihirika katika miaka ya 1980. Ukubwa wa janga hilo ulifunika lile lililotangulia.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Sangara akichukuliwa kuwa chanzo pekee, wakazi wa Busia hawana la kufanya, kwa maana hawezi kuondolewa ziwani. Lakini ikikubalika kwamba ningu aliangushwa na nyavu za mdomoni mwa mto, basi yapo yanayowezekana: kufunga midomo ya mito mvua zinapoanza, kwa wavuvi wa biashara na wa ndoana vilevile, na kutunza maeneo oevu kama Sio-Siteko. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, linazipa Kenya, Uganda na Tanzania jukwaa la pamoja. Kwa Mto Sio, katazo la upande mmoja halitoshi: ningu aliyeachwa na jarife la Uganda anaweza kunaswa na la Kenya siku hiyohiyo.