Moshi na Paa la Michezo: Kahawa, Ushirika na Ukumbi Ambao Haujajengwa

Ukumbi wa michezo ya ndani, yaani jengo lenye uwanja uliofunikwa na paa moja pana na kuzungukwa na majukwaa ya watazamaji, ni miongoni mwa majengo yaliyochelewa kufika Afrika Mashariki, na mpaka leo kumbi kubwa za namna hiyo hupatikana zaidi katika miji mikuu. Mji wa Moshi, ulio chini ya miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, haujajengewa ukumbi wa kiwango hicho, ingawa ulipata fedha za kahawa tangu enzi za ukoloni, ulizungukwa na shule mapema, na watu wake wana desturi ya muda mrefu ya kujenga kwa pamoja. Historia ya pengo hilo inastahili kuandikwa, kwa sababu inaonyesha nani alijenga nini katika mji huo, kwa fedha ya nani, na kwa kusudi gani.

Ili kuelewa kwa nini jengo hilo ni adimu, inafaa kuanza na vipimo vyake. Uwanja wa mpira wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, wa mpira wa wavu una mita 18 kwa 9, na wa mpira wa mikono, mchezo wa wachezaji saba kila upande, una mita 40 kwa 20. Tena juu ya uwanja wa wavu sheria zinadai nafasi tupu isiyopungua mita 7. Maana yake ni kwamba fundi anayetaka ukumbi mmoja utumike kwa michezo yote mitatu hana budi kuezeka upana unaozidi mita 20 bila kusimamisha nguzo yoyote katikati, kazi ambayo kenchi za mbao za kawaida, zile zinazotosha darasa au bwalo la shule, haziimudu, hivyo hulazimika kutumia kenchi za chuma zilizopigiwa hesabu na mhandisi. Gharama kubwa huanzia hapo, kabla hata ya kufikiria sakafu, taa na vyoo.

Miwili kati ya michezo hiyo ilizaliwa ndani ya jengo. Mnamo Desemba 1891, James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika chuo cha YMCA, yaani Chama cha Kikristo cha Vijana wa Kiume, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alitakiwa kubuni mchezo wa kuwashughulisha vijana wakati wa baridi kali. Aliomba maboksi mawili, mtunza jengo akamletea vikapu vya mapichi, vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Na kwa kuwa ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni, sawa na mita 3.05, kipimo hicho kimebaki kuwa urefu wa goli la kikapu duniani kote. Mwaka 1895, William Morgan wa YMCA ya Holyoke, mji wa jirani, alibuni mpira wa wavu kwa ajili ya ukumbi wa aina hiyohiyo. Hivyo michezo miwili ambayo wanafunzi wa sekondari za Kilimanjaro huicheza juani, mara nyingi juu ya udongo mtupu, ilibuniwa kwa ajili ya watu waliofungiwa ndani na theluji.

Afrika Mashariki iliipokea michezo hiyo bila jengo lake. Shule za misheni na vyuo vya ualimu vilisawazisha ardhi, vikapiga mistari ya chokaa na kusimika nguzo, na kazi ikaanza. Kumbi zenye paa zilikuwa za shughuli nyingine, nazo ziligawanywa kwa rangi na kwa jumuiya kama ilivyokuwa desturi ya utawala wa kikoloni, Wazungu wakiwa na klabu zao, Waasia wakiwa na kumbi za jumuiya zao na viwanja vya gymkhana, yaani klabu za michezo zenye asili ya Bara Hindi, na Waafrika wakisubiri kupewa kituo cha ustawi wa jamii. Dar es Salaam inatoa mifano miwili iliyo wazi. Ukumbi wa Diamond Jubilee wa Upanga unabeba jina la yubile ya mwaka 1946, wakati Waismailia, jumuiya ya Waislamu wa Kishia, walipompima kiongozi wao, Aga Khan wa Tatu, kwa almasi katika mji huo. Na ukumbi wa Arnautoglu wa Mnazi Mmoja ulitokana na mchango wa mfanyabiashara mwenye asili ya Kigiriki, George Arnautoglu, katika miaka ya 1950. Kumbi hizo zilijengwa kwa ajili ya mikutano, sherehe na dansi, na pale michezo ilipoingia, hasa ndondi, iliingia kama mgeni anayepangiwa siku yake.

Moshi ya sasa ni mji wa reli. Wajerumani waliweka kwanza boma lao mlimani, Old Moshi, ambako walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, tarehe 2 Machi 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika kwenye tambarare mwaka 1911, mji mpya ulianza kukua kuizunguka stesheni, nao ukachukua jina la ule wa juu. Fedha za mji huo zilishuka kutoka vihambani, mashamba ya ukoo ambamo kahawa hukua chini ya migomba. Zao hilo lilianza kupandwa katika misheni ya Kikatoliki ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, likaenea kwa wakulima wa Kichaga, na mwaka 1925 wakulima hao waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, kwa lengo la kupambana na magonjwa ya mibuni na kujibu shinikizo la walowezi waliotaka Waafrika wazuiwe kulima kahawa aina ya arabika. Mwaka 1933 nafasi ya KNPA ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika, yaani muungano wa vyama vya msingi ambamo kila kijiji kilikusanya kahawa yake, na chama kikuu kikaiuza kwa niaba ya wote. Jengo la KNCU katikati ya mji, lenye ofisi na maduka, bado ni ushahidi wa nguvu hiyo.

Swali la haki ni kwa nini fedha hiyo haikujenga ukumbi wa michezo, na jibu lake ni la heshima kwa walioamua. Katika miteremko ya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, mkulima mwenye miche michache alikatwa senti za kila kilo ili kijiji kipate darasa, zahanati au mwalimu. Mfereji wa maji, ambao huko huitwa mfongo, ulichimbwa na kusafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyolipwa. Na mzazi aliyeuza gunia la kahawa aliwaza ada kwanza. Ni vigumu kumlaumu mtu wa namna hiyo kwa kutoezeka uwanja wa mpira. Matunda ya uamuzi wake yanaonekana mpaka leo katika wingi wa shule za mkoa huo, na uwanja mkuu wa michezo wa mji wenyewe umeegemea mlango huohuo wa elimu na ushirika.

Uwanja huo ni Uwanja wa Ushirika, ulio katika eneo la chuo cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004 na hatimaye Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 2014. Jina lake linatosha kueleza asili yake, kwa kuwa ni nadra kwa mji wa Tanzania kuwa na uwanja mkuu unaokaa chuoni. Hapo ndipo wakimbiaji wa mbio za Kilimanjaro Marathon huanzia na kumalizia safari yao, kwa kawaida mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hapo ndipo timu ya Polisi Tanzania ilipochezea mechi zake za nyumbani baada ya kupanda Ligi Kuu mwaka 2019. Ni uwanja wa wazi, wa soka na riadha. Mchezaji wa kikapu, wavu, pete au vinyoya hana sehemu yake chini ya paa.

Kipindi ambacho ushirika ungeweza kugeukia majengo ya namna hiyo kilikatizwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, shughuli za kahawa zikahamishiwa mamlaka ya umma, na ingawa sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama hivyo virudi, na KNCU ikafufuliwa mwaka 1984, haikurudi na nguvu ileile. Sera ya michezo nayo ilikuwa inatazama viwanja vya wazi. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na fahari kubwa zaidi ya nchi iliyofuata ilipatikana kwenye njia za kukimbilia: Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, na nishani mbili za fedha za Olimpiki ya Moscow ya 1980 zilikuwa za Bayi na Suleiman Nyambui, wote wakimbiaji. Taifa lililoshinda kwa miguu ya wakimbiaji wake halikuona haraka ya kuezeka.

Kumbi kubwa za kanda hii, kwa upande wake, zilizaliwa na uamuzi wa serikali na mara nyingi na tukio moja la kimataifa. Kampala ilipata ukumbi wake wa Lugogo mapema, katika miaka ya 1950, na ukumbi huo ukawa nyumba ya ndondi za Uganda kwa vizazi kadhaa. Nairobi ilisubiri Michezo ya Afrika ya Agosti 1987, ambayo kwa ajili yake China ilisaidia kujenga kituo cha michezo cha Kasarani, pamoja na ukumbi wa ndani wa watu wapatao 5,000, uliopokea mashindano ya kikapu ya Afrika mwaka 1993. Kigali ilifanya jambo la kushangaza zaidi: ujenzi ulioanza mwanzoni mwa 2019 chini ya kampuni ya Kituruki ya Summa ulikamilika katika muda wa takriban miezi sita, kwa dola za Marekani milioni 104, na ukumbi wa viti 10,000 ukafunguliwa Agosti mwaka huohuo. Mwaka 2021 ulipokea msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, na mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, na mwaka 2022 jina lake likauzwa kwa benki na kuwa BK Arena. Tanzania yenyewe ina Uwanja wa Ndani wa Taifa jijini Dar es Salaam, jirani na Uwanja wa Uhuru, ambao umebeba ndondi, pete na kikapu kwa miaka mingi. Na kaskazini fedha za sasa zimeelekezwa Arusha, kwenye uwanja wa soka wa watu 30,000 unaojengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Kuiga Kigali hakutaufaa mji wa Moshi. Ukumbi wa viti 10,000 hudai umeme, ulinzi na matengenezo kila siku, hata siku ambayo hakuna mtu ndani, na mji wa kiasi cha Moshi hauna matamasha ya kuulisha. Lakini haja ipo, nayo ni ya kila mwaka. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Katika miteremko ya juu ya kusini mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo mwekundu wa volkano ukilowa hushika raba ya mchezaji mpaka isiweze kunyanyuka kwa wepesi. Kwenye viwanja vya saruji maji hutuama kando ya mistari, ubao wa goli huvimba na kupasuka, na mazoezi husimama wiki nzima wakati shule zinajiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za msingi na za sekondari. Kiangazi nacho kina adhabu yake, jua la saa nane mchana na vumbi la tambarare. Wasichana wa timu za pete, ambao hupewa kiwanja cha mwisho baada ya soka kuchukua nafasi, huumia zaidi ya wote.

Hapa ndipo historia ya Springfield inapofaa kusomwa kwa uangalifu. Naismith alihitaji kuta kwa sababu ya theluji. Moshi haihitaji kuta, inahitaji paa. Paa la bati juu ya kenchi za chuma, lililoachwa wazi pande zote ili upepo wa mlimani upite, linaloezeka uwanja mmoja wa kikapu na nafasi ya mita 2 kila upande, yaani mita 32 kwa 19, linaondoa gharama ya kuta, madirisha, mitambo ya hewa na sehemu kubwa ya taa, na chini yake michezo ya kikapu, wavu na pete inaweza kuchezwa mwaka mzima. Ni jengo ambalo mafundi wa Moshi, wanaoezeka maghala na masoko, wanaweza kulisimamisha wakiwa na mhandisi mmoja wa kusimamia hesabu.

Wenye uwezo wa kulianzisha wanajulikana: Manispaa, Chuo Kikuu cha Ushirika chenye ardhi na uwanja, vyama vya msingi vya kahawa, na wana wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani kwa maelfu kila Desemba, wakiwa na michango ya makanisa, harusi na barabara za vijiji. Waliwahi kuchanga senti kwa kila kilo ya kahawa, na shule zikasimama. Wakutane Desemba hii na kuchangia paa moja, lisimame jirani na Uwanja wa Ushirika, na funguo zake wakabidhiwe walimu wa michezo wa shule za mji.